Jicho la kuazima: kosa la fundi wa ndege linavyompita mkaguzi

Barazani kwa jirani yetu huku Chaani, Mombasa, mzee aliyemaliza zaidi ya miaka thelathini akifungua na kufunga ndege, niliwekewa boliti mbili kiganjani. Alasiri ilikuwa imeshaswaliwa, kahawa imemiminwa, na juu yetu ndege ilikuwa imetoa magurudumu ikiteremkia uwanja wa Moi. Mzee wala hakuinua uso. "Haya mwanangu, niambie ipi nene."

Nilizigeuza, nikazipeleka kwenye mwanga, nikazisimamisha pamoja juu ya sinia ya vikombe. Nikamwambia ni sawasawa. Akatoa nati mfukoni. Boliti ya kwanza iliingia, ikakaza. Ya pili nayo iliingia, ikazunguka vizuri, ikafika mwisho. Akaishika kichwa kwa koleo, akavuta. Ikachomoka bila kuzungushwa, kama msumari kwenye ubao uliooza.

"Hii," akasema, "ilimtoa mtu dirishani."

Aliyetolewa dirishani ni nahodha Tim Lancaster. Tarehe 10 Juni 1990, ndege ya British Airways aina ya BAC One-Eleven iliondoka Birmingham, Uingereza, kwenda Málaga, Uhispania, ikiwa na watu 87. Ilipofika futi 17,300 juu, kioo cha mbele upande wa nahodha kiling'oka kizima. Hewa ya ndani ikafyatuka kutafuta njia ya nje, ikambeba nahodha. Kiwiliwili kikawa nje, kimelalia paa la ndege, miguu imenasa ndani. Mhudumu Nigel Ogden alimrukia akamshika kiunoni, wenzake wakapokezana, na rubani msaidizi Alastair Atchison akaishusha ndege Southampton. Waliomshikilia walidhani wameshika maiti. Kumbe yu hai, na kabla ya miezi mitano kwisha alikuwa amerudi kazini kurusha ndege.

Kioo kile kilikuwa kimebadilishwa saa 27 tu kabla ya safari. Kinashikwa na boliti 90. Wachunguzi walikuta 84 ni nyembamba kuliko zinazotakiwa, kwa tofauti ya milimita 0.66, na sita zilizobaki ni fupi.

Ukiishia hapo, hasira yote itamwangukia aliyefunga. Nami nilikasirika, mpaka mzee aliponisimulia usiku wenyewe ulivyokwenda. Aliyefunga alikuwa msimamizi wa zamu, fundi wa siku nyingi. Watu walikuwa wachache usiku ule, akaona aifanye kazi mwenyewe, kwenye saa tisa, saa kumi za usiku. Alizitoa boliti za zamani, na hizo zenyewe hazikuwa sahihi: unene wake sawa, urefu wake pungufu. Lakini zilikuwa zimekishika kioo miaka minne bila taabu. Stoo alitajiwa namba ya boliti inayotakiwa. Yeye akaiamini zaidi ile iliyotoka kwenye ndege, akaenda kwenye droo zilizokuwa na mwanga hafifu, akalinganisha kwa macho na vidole, kama nilivyolinganisha mimi juu ya sinia. Nami nilikuwa mchana kweupe, nimekaa, na nimeshaambiwa kwamba kuna tofauti.

Kazi ya kufunga aliifanya akiwa amejinyoosha kutoka kwenye jukwaa lisilomfikisha vizuri. Angeweza kuona kwamba vichwa vya boliti vimezama kupita kiasi kwenye mashimo yake, ila mkono wake mwenyewe ulimziba. Alitumia bisibisi ya kipimo, ile inayojilegeza yenyewe nguvu ikifika kiwango. Aliihisi ikilegea, boliti baada ya boliti, akaridhika. Alichokihisi ni meno ya boliti yakiteleza ndani ya nati.

Na mkaguzi? Hakukuwa na mkaguzi. Kwa taratibu za wakati ule, kioo cha mbele hakikuwamo katika orodha ya sehemu nyeti zinazotaka mtu wa pili. Aliyefunga ndiye aliyetia saini, na kwa kuwa yeye ndiye msimamizi, hapakuwa na aliye juu yake usiku ule wa kuipitia kazi yake. Wala hakikujaribiwa kwa shinikizo la hewa kabla ya kuruka. Jaribio la kwanza lilifanyika angani, na abiria ndani.

Huku kwetu ajali ikitokea, neno la kwanza ni "ajali haina kinga". Ni neno la kumfariji aliyefiwa, na mahali pake ni matangani. Kazi ya ufundi wa ndege imejengwa juu ya imani ya kinyume chake, kwamba kinga ipo, na inatengenezwa kwa mikono ya watu. Kwa hiyo inafaa tujue inapotobokea.

Utaratibu wenyewe si mgumu kuuelewa. Fundi hupewa kadi ya kazi yenye hatua moja moja, naye hutia saini kila hatua anayoimaliza. Mhandisi mwenye leseni, ambayo hapa Kenya hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, ndiye anayetia saini ya kuirudisha ndege kazini. Kazi zinazoweza kuua zikikosewa, hasa zinazogusa usukani na nyaya zinazoendesha mkia na mabawa, huhitaji ukaguzi wa mtu wa pili ambaye hakuishika kazi hiyo. Asubuhi rubani naye huizunguka ndege kwa miguu kabla ya kuondoka. Juu ya hayo kuna kaguzi kubwa za vipindi, hadi zile za kuivua ndege viti na mabati ya ndani ikabaki mifupa. Ukihesabu, kazi moja inaweza kupitiwa na macho ya watu wanne.

Ila kuhesabu macho hakutoshi. Bibi akikamua tui kwa kifumbu, chicha chache hupenya, kwa hiyo hulipitisha tena. Kama kifumbu cha pili kimesukwa na mkono uleule, matundu yakiwa mahali palepale, chicha zilizopita mwanzo zitapita tena, hata ukikamua mara tano. Naamini hapa ndipo penye fundo la jambo hili lote. Tukisikia kosa limempita mkaguzi, tunamfikiria mkaguzi mvivu, au aliyekula hongo. Wapo. Sote tunajua habari za matatu inayokodishiwa magurudumu mazuri kwa siku ya ukaguzi tu. Lakini katika ajali za ndege zilizochunguzwa kwa kina, mara nyingi mkaguzi alikuwa mtu mwema, amefika, ametazama, na ametia saini kwa moyo safi. Alikuwa anatazama kwa jicho la kuazima. Alikuwa anaamini kile ambacho fundi anaamini, anaangalia pale fundi alipomwonyesha, au anasoma karatasi ile fundi aliyoiandika. Macho mawili yanayotegemeana ni jicho moja.

Chukua kisa cha Mei 5, 1983. Ndege ya shirika la Eastern la Marekani, aina ya Lockheed L-1011, yenye injini tatu, iliondoka Miami kwenda Nassau na watu 172. Usiku uliotangulia mafundi wawili walikuwa wamebadilisha vifaa vidogo vya sumaku vinavyonasa chembe za chuma ndani ya oili ya injini, kimoja kwa kila injini. Kifaa hicho lazima kivishwe oringi, kile kiduara cha mpira kinachozuia oili isivuje. Siku zote mafundi hawa walikuwa wakivikuta vifaa kwenye kabati la msimamizi vikiwa vimeshavishwa. Usiku ule kabatini hamkuwa na kitu, wakavichukua stoo, navyo vilikuwa na kadi inayosema viko tayari kwa kazi. Wakavifunga vyote vitatu bila oringi. Kwenye kadi ya kazi hatua ya kuvisha oringi ilikuwapo, nao wakaitia saini, kwa sababu katika maisha yao hatua hiyo ilikuwa inafanywa na mtu mwingine kabla wao hawajafika.

Kulikuwa na ukaguzi wa uvujaji pia. Waliizungusha kila injini kwa sekunde kama 10, wakaangalia, pakavu. Sekunde 10 hazikutosha oili kujitokeza. Angani, injini moja ilipungukiwa oili, marubani wakaizima na kugeuza kurudi Miami. Zile mbili nyingine zikafa moja baada ya nyingine. Ndege kubwa ile ikawa inashuka kuelekea baharini bila injini hata moja, mpaka karibu futi 4,000, ndipo ile iliyozimwa mwanzo ilipokubali kuwaka. Ikawafikisha uwanjani, wote wazima.

Ndege ina injini tatu ili moja ikifa zibaki mbili. Usiku ule mikono ileile ilifanya kosa lilelile mara tatu, na injini tatu zikawa sawa na moja. Ndiyo maana kwa ndege za injini mbili zinazovuka bahari kwa masafa marefu, utaratibu wa leo hukataza fundi mmoja kuifanya kazi ileile kwenye injini zote mbili katika zamu moja. Ikibidi, lazima mtu mwingine asimame aikague kivyake. Ni sheria ndogo, na kila ninapoona ndege ya masafa imepaki pale Moi huikumbuka.

Jicho la kuazima lina sura nyingine inayoniuma zaidi, kwa sababu huanza na wema: mkaguzi anayetoa mkono. Septemba 1991, katika hanga moja mjini Houston, Marekani, zamu ya jioni ilikuwa inabadilisha mipira ya kuzuia barafu kwenye ukingo wa mbele wa mkia wa ndege ndogo aina ya Embraer Brasilia. Kazi ilikuwa nyingi. Mkaguzi wa zamu akapanda juu kuwasaidia mafundi, akafungua skrubu za upande wa juu, kulia na kushoto. Baadaye iliamuliwa upande wa kushoto uachwe usiku huo. Zamu ikabadilishana. Habari kwamba skrubu 47 za juu kushoto zimeshatolewa haikuifikia zamu iliyoingia. Mkia wa ndege ile uko juu sana, wenye umbo la herufi T, kwa hiyo aliyesimama chini haoni kitu. Ule ukingo ulibaki umeshikwa na skrubu za chini peke yake. Tarehe 11 Septemba ulichomoka angani, ndege ikavunjika, na watu wote 14 wakafa karibu na Eagle Lake, Texas.

Mkaguzi yule alikuwa na bidii kuliko inavyotakiwa. Lakini alipochukua bisibisi tu, zamu ile ilibaki na fundi mmoja zaidi na mkaguzi mmoja pungufu.

Jambo kama hilo lilijirudia mwaka 2003 kwa ndege ya Air Midwest aina ya Beech 1900. Fundi aliyerekebisha nyaya za mkia alikuwa anaifanya kazi hiyo kwenye aina hiyo ya ndege kwa mara ya kwanza. Aliyekuwa anamfundisha ndiye mkaguzi wake. Waliruka hatua kadhaa wakiona hazihitajiki, na mkaguzi angewezaje kuziona zilizorukwa kuwa ni kosa, ilhali yeye ndiye aliyekubali zirukwe? Nyaya zikakazwa vibaya, pua ya ndege ikawa haiwezi kushushwa kwa kiasi kamili. Ikaruka safari tisa hivyohivyo. Safari ya kumi, tarehe 8 Januari mjini Charlotte, Marekani, ndege ilikuwa imebeba uzito uliopita kiasi na uliolemea nyuma. Pua ikapanda, rubani akasukuma usukani mpaka mwisho, haukutosha. Watu 21 walifariki. Zile safari tisa nazo zilikuwa ukaguzi wa aina fulani, maana kila aliyeiona ndege ikienda na kurudi alizidi kuamini kwamba ni nzima.

Kuna makosa ambayo hata mkaguzi mwenye jicho lake mwenyewe hawezi kuyaona, kwa sababu yamefunikwa. Ndege ya Japan Air Lines, Boeing 747, iligonga mkia ardhini ikitua Osaka tarehe 2 Juni 1978. Ukuta wa nyuma unaozuia hewa ya ndani ukatengenezwa na mafundi wa kampuni iliyoiunda ndege. Maelekezo yalitaka bamba moja zima liunganishe vipande viwili vya ukuta. Bamba likakatwa vipande viwili, na uzito wote ukaangukia safu moja ya ribiti, vile vipini vya chuma vinavyoshikanisha mabati, badala ya mbili. Kisha kingo zikajazwa gundi ya kuzibia, zikawa laini, safi, zinapendeza. Kuanzia hapo kila mkaguzi aliyepita alikuta kazi nadhifu. Miaka saba, safari zaidi ya 12,000, na nyufa zinatambaa taratibu kutoka tundu moja la ribiti hadi jingine. Tarehe 12 Agosti 1985 ukuta ulipasuka, hewa ikaubomoa mkia na kukata mabomba ya usukani. Waliofariki ni 520, walionusurika wanne. Hakuna ajali ya ndege moja iliyoua watu wengi kuliko hiyo.

Niliposikia kisa hicho niliuliza, sasa mkaguzi wa mwaka wa tano afanye nini? Mzee alijibu kwamba wa mwaka wa tano ameshachelewa. Kazi iliyofunikwa hukaguliwa kabla haijafunikwa, basi. Ndiyo maana kadi nzuri ya kazi ina hatua inayosema simama, usizibe, mwite mtu. Na ndiyo maana fundi anayeona mwenzake anakimbilia kuziba kwa sababu mkaguzi yuko chai, anapaswa kumshika mkono.

Kisha kuna chumvi. Hapa tuliozaliwa Mombasa hatuhitaji kuelezwa. Grili ya dirisha uliyoipaka rangi Idi iliyopita, Idi hii imeshatoa malengelenge. Bati la ndege ni la alumini, na kutu yake haina wekundu ule tuliouzoea. Ni unga mweupe unaofura katikati ya mabati mawili yaliyobandikwa, ukiyasukuma yaachane kutoka ndani, huku nje rangi imetulia. Ndege zinazolala kando ya bahari zinahitaji kuoshwa kwa maji yasiyo na chumvi na kufunuliwa mara kwa mara kuliko zinazolala bara.

Visiwani Hawaii walilijua hilo kwa gharama kubwa. Tarehe 28 Aprili 1988, Boeing 737 ya shirika la Aloha, yenye umri wa miaka 19, ilikuwa inatoka Hilo kwenda Honolulu na watu 95. Maisha yake yote ilikuwa ni safari fupi fupi za kisiwa hadi kisiwa, juu ya bahari. Safari 89,680. Kila ndege inapopanda, mwili wake hujazwa hewa ukatanuka, ikishuka ukanywea, kama kifua kinavyopumua. Mabati yake yalikuwa yameunganishwa kwa gundi na ribiti pamoja. Unyevu na chumvi vikala gundi, ribiti zikabeba mzigo usio wao, na nyufa nyembamba zikaanza kwenye matundu, nyingi kwa wakati mmoja. Kwenye futi 24,000 zikaungana. Futi 18 za paa la mbele zikang'oka. Mhudumu Clarabelle Lansing alichukuliwa na upepo, mwili wake haukupatikana. Marubani waliitua ndege Kahului ikiwa wazi kama gari lisilo na turubali, abiria wamefungwa mikanda chini ya anga tupu.

Nyufa zile hazikuanza siku moja, na wakaguzi walikuwa wamepita. Ila fikiria kazi ilivyo. Mtu amepanda kwenye mgongo wa ndege usiku, ana taa mkononi, pengine amefungwa kamba iliyoshikiliwa na paa la hanga asije akaanguka, na anatazama ribiti moja, halafu inayofuata, halafu inayofuata, mamia kwa mamia, akitafuta ufa mwembamba kama unywele. Aliyewahi kuchambua mchele anajua. Gunia likiwa na mawe mengi, vidole vinakuwa macho. Mawe yakiwa machache, ungo wa tatu akili imeshaondoka, macho yanapita juu ya jiwe na kuliona mchele. Mkaguzi wa ndege hukuta uzima karibu kila anapotazama. Ubongo unajifunza kutarajia uzima, na unaanza kuuona hata usipokuwapo. Kumwambia "kuwa makini" hakumsaidii kitu. Kinachomsaidia ni taa bora, kupumzishwa, kubadilishwa na mwenzake baada ya muda, na vyombo vya umeme vinavyohisi ufa ambao jicho haliuoni.

Kuna jambo katika uchunguzi wa Aloha nimelisoma mara nyingi. Abiria mmoja aliuona ufa. Alipokuwa anaingia mlangoni aliona mstari mrefu umepasuka kwenye ubavu wa ndege, karibu na ribiti. Hakumwambia mtu. Alidhani, nafikiri, kama tunavyodhani sote, kwamba wenye kazi yao wanajua. Naye aliazima macho ya wengine. Ukipanda ndege pale Moi ukaona jambo limekukaa vibaya, bati limefunuka au maji yanatiririka pasipostahili, mwambie mhudumu. Akikucheka, na acheke.

Usiku umetajwa karibu katika kila kisa, nao si bahati mbaya. Ndege huingiza pesa mchana, kwa hiyo hutengenezwa usiku, saa ambazo mwili wa binadamu unadai kulala. Tarehe 24 Mei 2013 huko Heathrow, London, mafundi wawili waliokuwa kwenye zamu ya usiku walifungua vifuniko vya injini za Airbus A319, wakaviacha bila kuvibana ili wakalete oili. Waliporudi waliiendea ndege nyingine iliyopaki karibu, wakakuta vifuniko vimebanwa, wakaona kuna mwenzao amewasaidia. Saini ikawekwa. Asubuhi rubani msaidizi akaizunguka ile ya kwanza, lakini vibanio viko chini ya tumbo la injini, mpaka uiname sana ndipo uvione. Ikiruka, vifuniko vya injini zote mbili vikang'oka, na kimojawapo kikatoboa bomba la mafuta. Ndege ilirudi kutua injini ya kulia ikiwaka moto. Watu wote 80 waliteremka salama.

Nilimuuliza mzee kama yeye aliwahi kukosea. Akanyamaza, akajimiminia kahawa. Akasema fundi anayesema hajawahi, usimpe hata baiskeli yako. Alichokiona kimebadilika katika miaka yake, anasema, ni kwamba zamani ukikiri kosa unafukuzwa, kwa hiyo watu walikuwa wanarudi hanga kimyakimya usiku kukaza walichosahau, wakiomba Mungu wasikutwe, na mwenzao wa kesho alikuwa anakosea palepale kwa sababu hakuna aliyemwambia. Mashirika yenye akili sasa humpa fundi nafasi ya kusema "nimesahau" bila kupoteza kibarua, isipokuwa kama amefanya kusudi. Naliunga mkono hilo kwa moyo wote. Kosa lililosemwa saa kumi na moja alfajiri huchelewesha ndege. Lililofichwa huondoka nayo.

Kuhusu kuchelewesha ndege, alinipa kisa cha kwake, kwenye kampuni ambayo hakuitaja nami sikumuuliza. Mafundi wa ndege hawahesabu vyombo vyao kwa kukumbuka. Kila spana na kila koleo ina mahali pake kwenye ubao uliochorwa umbo lake kwa rangi, kwa hiyo kinachokosekana kinaacha kivuli. Usiku mmoja kazi ilikwisha, saini zote zimewekwa, mkaguzi amepita na tochi yake akaridhika. Ubaoni pakabaki kivuli kimoja, cha bisibisi fupi. Mafundi wote waliokuwapo waliapa hawakuiacha ndani ya ndege. Waliulizwa mmoja mmoja, nao walikuwa wakweli kwa walivyojua. Msimamizi akasema neno lao halitoshi, na wala saini haitoshi. Wakaifungua upya sehemu yote waliyokuwa wameifunga, wakaipekua kwa kioo chenye mpini mrefu, sentimita kwa sentimita, wakatoka patupu, wakaanza tena.

Abiria walikuwa wameshaketi ukumbini tangu alfajiri. Walipigwa na joto, watoto wakalia, mtu mmoja akagonga kaunta kwa ngumi akitaka ajibiwe kwa nini ndege iliyosimama pale nje anaiona kwa macho yake haiondoki. Msichana wa kaunta hakuwa na jibu, alikuwa ameambiwa "kasoro ya kiufundi" na yeye akaambia watu hivyohivyo.

Saa mbili na nusu asubuhi ilipigwa simu kutoka Magongo. Mmoja wa mafundi wa zamu ya usiku alikuwa amemaliza zamu mapema na kwenda nyumbani. Mkewe alipokusanya nguo za kufua, akasikia kitu kinagonga ndani ya ovaroli. Bisibisi ikaletwa na bodaboda, ikatundikwa kwenye kivuli chake, msimamizi akaigusa kwa kidole, ndipo akachukua kalamu.